Uzi wa Shosho Ulizidi Siku Zake

Wiki tatu baada ya kumzika shosho, mathe alinituma kwenye chumba chake cha Free Area nikatoe vitu kabla landilodi hajaanza kuhesabu kodi ya mwezi mwingine. Kitanda kilikuwa kimeshapata mnunuzi. Jiko la gesi lilienda kwa jirani aliyemuuguza. Chini ya kitanda nikakuta mifuko minne mikubwa, ile ya mistari ya buluu na nyekundu ambayo kila Mkenya aliyewahi kuhama anaijua, na ndani ya yote minne kulikuwa na uzi tu. Nilikaa sakafuni nikahesabu. Madonge 63 hayakuwa yameguswa, bado yamevaa karatasi zake. Mengine 20 hivi yalikuwa yameanzwa. Halafu kulikuwa na kazi 9 ambazo hazikuisha: sweta la mtoto lisilo na mikono, vitambaa vya viti, kofia, na vipande vya mraba vya kitandiko cha kitanda, vimefungwa kumi kumi kwa kamba kama noti za benki.

Baadhi ya madonge yalikuwa ndani ya karatasi za plastiki, zile laini za duka zilizopigwa marufuku Agosti 2017. Kwa hivyo nikajua hayo yamekaa hapo miaka mingi, na kwamba aliyanunua akiwa na zaidi ya miaka 70, huku macho yakianza kumsumbua.

Nilimpigia mathe nikamwambia idadi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani huyu mama alikuwa amepanga kuishi mpaka lini?"

Mimi si mwanahistoria. Nilikuwa nasomea historia chuoni nikaacha mwaka wa tatu, na kilichobaki ni ile tabia mbaya ya kushika kitu na kutaka kujua kimetoka wapi. Swali la mathe lilinikaa kichwani. Nikaanza kutafuta jinsi mama mmoja wa Molo, asiye na pesa za kuchezea, anavyofika mahali pa kuwa na uzi mwingi kuliko siku zilizobaki za kuufuma.

Kwanza niseme hakuwa peke yake. Wafumaji wa Marekani wana utani wa herufi tano, SABLE, ambao maana yake ni hazina ya uzi iliyopita umri ambao mwenyewe amebakiza. Wajapani nao wana neno tsumipura. Tsumi ni kurundika, pura ni plastiki. Ni yale maboksi ya vipande vya kuunganisha ndege, tangi la vita au roboti, unayonunua ukiapa utaijenga wikendi, halafu inaenda juu ya kabati kukaa na wenzake. Kama umewahi kuangalia Gundam unajua roboti ninazozungumzia. Bandai ilianza kuuza vipande vyake mwaka 1980, mwaka mmoja tu baada ya katuni yenyewe kutoka, na tangu hapo kuna watu wazima wenye kazi nzuri ambao nyumba zao zimejaa roboti ambazo hazijawahi kusimama.

Uingereza ugonjwa huu una jina la kampuni: Airfix. Ilianzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungary, na ilitengeneza vitu vidogo vidogo kama vichana vya nywele. Mwaka 1949 ikapewa kazi ya kutengeneza trekta dogo la plastiki la Ferguson ambalo mawakala wa mauzo wangelitumia kuwavutia wanunuzi. Lilikuwa linaungwa kiwandani, lakini kuliunga kulikuwa na shida zake, na baadaye likauzwa vipande vipande ili mnunuzi ajitafutie mwenyewe. Hapo ndipo biashara nzima ilipoanzia. Nilipenda sana kujua hivyo, kwa sababu trekta lenyewe, lile kubwa la chuma, nimekua nikiliona. Ferguson TE20 ilianza kutoka kiwandani Coventry mwaka 1946, na mashamba ya walowezi huku Rift Valley yalikuwa ndiyo aina ya mahali ilipotakiwa. Hata leo ukipita vijiji vya Njoro na Molo huwezi kukosa trekta la kijivu lililokufa nyuma ya zizi, kuku wamelala kwenye kiti.

Trekta la Airfix na uzi wa shosho ni ndugu kwa damu, na nitafika hapo. Lakini lazima nianze na kondoo.

Mwaka 1903 Lord Delamere alipata ekari 100,000 pale Njoro. Mwaka uliofuata Wamaasai wakatiwa kwenye mkataba uliowatoa malishoni mwao Bondeni, Naivasha hadi Nakuru, ili walowezi wapate nafasi kando ya reli. Delamere alitaka kuwa tajiri wa sufu. Akaagiza kondoo wa merino kutoka New Zealand, wakaja na meli, wakaja na treni, na wengi wao wakafa. Nyasi za Njoro zilionekana nzuri kwa macho tu. Wamaasai wangemwambia, kama angekuwa mtu wa kuuliza. Baadaye alihamishia kondoo Soysambu, kando ya Elmenteita, na huko wakaelewana na ardhi. Sufu ya nchi hii ikawa inapanda treni kwenda Mombasa, inapanda meli kwenda Uingereza, na uzi wa sufu unarudi dukani kwa bei ambayo mke wa kibarua hawezi hata kuulizia.

Na hata ungeupata, hungeweza kuurundika. Sufu huliwa na nondo. Nasema nondo mdudu, si zile nondo za ujenzi. Nondo hutaga mayai ndani ya donge, funza wake hula keratini, ile protini iliyo kwenye nywele na manyoya, na ukija kufungua mfuko baada ya miaka miwili unakuta uzi umekatika vipande kama tambi. Kwa hivyo mwenye sufu alilazimika kuifuma upesi, kisha sweta livaliwe, lifuliwe, lianikwe. Mtu wa enzi hizo asingeweza kuwa na ugonjwa wa shosho hata angetaka. Mdudu alimlazimisha kumaliza.

Baada ya mdudu ikaja serikali.

Mama yake shosho alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Molo. Familia ilikuwa na kijibanda, mbuzi wachache na kipande cha kulima, kwa sharti la kufanya kazi siku nyingi kwa mwaka. Shosho alizaliwa hapo. Oktoba 20, 1952 serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari, na katika miezi iliyofuata makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliokuwa mashambani Rift Valley wakapakiwa kwenye malori na treni na "kurudishwa" nyumbani. Naweka alama hizo kwa sababu shosho alirudishwa mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Alikuwa na miaka kama minane. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja kule Mkoa wa Kati walihamishiwa vijiji vipya vilivyopangwa na serikali, na mama yake akawa mmoja wao: kijiji chenye handaki, walinzi, na saa za kutoka na kurudi.

Huko ndiko familia yetu ilikojifunza kufuma. Maendeleo ya Wanawake ilianza mwaka huo huo wa 1952, chini ya idara ya serikali ya maendeleo ya jamii, ikiongozwa na wake wa maafisa na wa walowezi. Vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma, kupika, usafi na kulea watoto. Wakati wa hali ya hatari vilikuwa pia sehemu ya mpango wa kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau: mwanamke aliyeketi na sindano mbili mikononi hakuwa anapeleka chakula msituni, au ndivyo walivyodhani. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa rais wa kwanza Mwafrika wa shirika hilo na mambo yakaanza kubadilika, lakini mama yake shosho aliingia zamani za mwanzo, na hakuingia kwa kupenda sana.

Shosho alinisimulia jambo moja tu kuhusu kilabu hicho, na alilirudia mara nyingi. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa anakuja na daftari. Wanawake wanapanga kazi zao kwenye meza, yeye anapita akitia alama. Iliyokamilika inapata alama, ambayo haijakamilika inapata swali: kwa nini? Ulikuwa wapi? Mama yake shosho aliwahi kukosa kumaliza sweta kwa sababu alikuwa kwenye kazi ya lazima ya kuchimba mitaro tangu asubuhi, na akasimama mbele ya meza akieleza hayo kupitia mkalimani, kwa mtu ambaye serikali yake ndiyo iliyomtuma mtaroni. Shosho alikuwa pembeni ameshika sketi yake. "Tangu siku hiyo," aliniambia, "mtu akiniuliza nitamaliza lini, nasikia joto masikioni."

Sasa tufike kwenye undugu niliouahidi. Mwaka 1950 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuuza akriliki yake kwa jina la Orlon. Ni uzi unaotokana na mafuta ya petroli, nao ni plastiki kwa namna yake, kama trekta la Airfix. Ni laini, una rangi kali, unakauka haraka, na nondo hautaki kabisa kwa kuwa hauna protini. Hauozi. Hauna haraka na mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza mfumaji maskini angeweza kununua uzi leo na kuuweka miaka ishirini, kama Mwingereza yule anavyoweza kuweka boksi la ndege darini mpaka astaafu. Plastiki iliwapa wote wawili ruhusa ya kusema "baadaye".

Kwetu akriliki ilikuja kuwa bidhaa ya mtaani kabisa, kwani Nakuru ina kiwanda chake cha uzi, Spin Knit. Kwa shosho kiwanda hicho kilikuwa fahari fulani. Angekwambia uzi wake ni wa hapa hapa, kana kwamba umelimwa.

Lakini uzi kuwa wa bei nafuu na kutooza hakuelezi madonge 63. Hapa ndipo nilipolazimika kwenda kuuliza wanaofuma, na jibu lao ni la hesabu tu. Kwenye karatasi za madonge mengi kuna namba mbili. Moja ni ya rangi. Nyingine ni ya fungu, yaani chungu kimoja cha kutia rangi. Maziwa ya fungu la Machi si maziwa ya fungu la Juni. Dukani chini ya taa huoni tofauti. Ukishafuma na kuanika juani unauona mstari pale donge jipya lilipoanzia, na ukishauona huwezi kuacha kuuona. Kwa hivyo kama kazi inataka madonge 7, mwenye akili ananunua 9. Yanabaki 2. Kwa madonge 2 huwezi kufanya kitu cha maana, basi unatafuta rangi ya kuyasaidia, unanunua 5, na baada ya kazi hiyo yanabaki 3. Kila kazi inayoisha inazaa mabaki, na mabaki yanaomba kazi nyingine. Nilichora hesabu hiyo kwenye karatasi nikamwonyesha mama mmoja anayeuza uzi karibu na Top Market. Akacheka sana. "Sasa unaelewa kwa nini nina biashara," akasema.

Kwa miaka mingi kazi za shosho ziliisha, tena vizuri. Familia ilirudi Molo baada ya uhuru, wakanunua kipande cha shamba kupitia kikundi, wakajenga, wakapata sofaseti. Kama ulikulia Kenya huhitaji kuelezwa. Kila kiti kina kitambaa mgongoni, kila mkono wa kiti una chake, kuna cha meza kubwa, cha stuli, cha redio, na baadaye televisheni nayo ikavalishwa. Watu wa kizazi changu tumevicheka vitambaa hivyo kupita kiasi, na memu zake bado zinatembea. Lakini kila kimoja ni jioni kadhaa za mtu, na jioni hizo zilikuwa chache. Shosho alifuma baada ya kukamua, kupika na kulaza watoto, kwa taa ya mafuta. Kitambaa kikiisha kikawa cha nyumba. Mgeni anakilalia kichwa chenye mafuta, mtoto anakifutia mikono, mjomba akioa anapewa seti nzima na hakuna aliyemuuliza shosho.

Uzi ambao haujafumwa ulikuwa kitu kingine. Ulikaa kwenye mfuko wake na hakuna aliyeuomba, maana nani ataomba uzi? Babu alijua bei ya kila ng'ombe na kila gunia la viazi, ila hakuwahi kujua bei ya donge. Nafikiri, na haya ni mawazo yangu, mfuko ule ulikuwa mali pekee katika boma lile iliyokuwa yake kabisa. Mathe hakubali. Anasema nimesoma vitabu vingi na kwamba mama yake alipenda tu rangi, akiona zambarau mpya anachanganyikiwa. Huenda sote tuna haki.

Kazi zake zilifika mpaka maonyesho ya kilimo ya ASK hapa Nakuru. Kikundi chao cha wanawake kilikuwa kinapewa meza kwenye banda la kazi za mikono, na mwaka mmoja katika miaka ya themanini alipata nafasi ya pili kwa kitambaa cha meza chenye tausi. Cheti kiliwekwa kwenye fremu ukutani. Alikuwa anasema "showground" kwa sauti ya pekee, kama watu wengine wanavyosema "Mombasa".

Molo iliwaka mwaka 1992. Hawakuondoka, walilala msituni siku kadhaa wakarudi. Halafu ikaja Januari 2008. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima baada ya uchaguzi ule, na nyumba ya shosho ilikuwa moja tu katika maelfu zilizochomwa. Walipewa muda mfupi wa kutoka. Mathe, aliyekuwa amewatembelea kwa Krismasi, ndiye aliyenisimulia kilichobebwa: vitambulisho, Biblia, sufuria moja, blanketi la Raymond, na mfuko wa uzi. Babu alimfokea shosho kwa ajili ya mfuko. Shosho hakubishana, aliutia mgongoni kama mtoto na kutembea. Mfuko ulikuwa umefungwa tayari, kwa sababu ulikuwa umefungwa siku zote. Vitambaa vyote, miaka arobaini ya jioni, vilibaki juu ya viti vyake, pamoja na tausi na cheti.

Walifikia wapi? Showground. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru uligeuzwa kambi ya wakimbizi wa ndani, moja ya zile kubwa nchini, mahema meupe kuanzia getini. Mathe anasema hema lao halikuwa mbali na palipokuwa na mabanda. Huko shosho alifuma kofia za watoto, nyingi, kwa uzi aliotoka nao, akiwapa watoto wa mahema ya jirani kwa kuwa usiku kulikuwa na baridi. Zile kofia ndizo kazi za mwisho alizomaliza maishani. Babu alifariki mwaka uliofuata. Shosho akahamia chumba cha Free Area na hakurudi Molo hata kutembea.

Na hapo ndipo mifuko ilipoanza kuongezeka. Nimejaribu kupanga madonge kwa umri, kwa karatasi zake, kwa bei zilizoandikwa kwa kalamu, kwa plastiki. Karibu yote ni ya baada ya 2008. Aliyekuwa na nyumba, ng'ombe na watoto wanane alimaliza kazi. Aliyekuwa na chumba kimoja na muda wote wa dunia hakumaliza hata moja. Alianza kazi 9, akafika karibu na mwisho, akaziweka. Nilimuuliza mara moja kwa nini sweta la mtoto halina mikono. Akaniangalia kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Likiisha litaenda kukaa wapi?" Nilidhani anazungumzia nafasi chumbani.

Mimi nilihamia kwake mwishoni mwa 2020. Corona ilikuwa imefunga vyuo tangu Machi, na vilipofungua sikuwa na karo wala, kusema kweli, hamu. Nilimwambia mathe ni mapumziko ya semista moja. Kila simu nyumbani ilikuwa na swali moja: utamaliza lini? Anko zangu, majirani wa mathe, pasta, wote walikuwa na daftari. Shosho peke yake hakuniuliza. Alinipa sindano ya krosheti na donge la kijani, akanionyesha mnyororo wa kwanza, na nilipokosea alivuta uzi wote ukarudi donge, akasema, "Anza." Kiswahili kimetupa hilo neno zuri: unafuma, kisha unafumua, na hakuna kilichopotea ila jioni moja.

Wakati huo vijana wa kila mtaa walikuwa wamegundua krosheti kama kitu kipya. Kofia za ndoo, topu za kamba, mabegi ya mraba wa maua. Nikaanza kuuza kofia kwenye Instagram na kwa mabinti wa kampasi niliyoitoroka. Ndani ya matatu watu humwangalia jamaa anayefuma kama wanavyomwangalia anayezungumza peke yake, lakini chapaa iliingia. Nikamwambia shosho kwamba kofia moja ninaiuza bei ya madonge yake manane. Alishtuka, akafikiri, halafu akasema basi niache kugusa mifuko yake.

Sikuigusa mpaka alipoondoka. Sasa iko kwangu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nilichoamua kumaliza ni kile kitandiko cha kitanda. Kwenye daftari lake ameandika 12 mara 10, yaani vipande 120. Vilivyokuwepo ni 84. Nilidhani ni kazi ya mwezi.

Kipande changu cha kwanza kilitoka kidogo kuliko vyake. Uzi ule ule, sindano yake ile ile, mishono ile ile niliyoihesabu mara tatu. Nikabadilisha sindano ikawa kubwa zaidi, kipande kikalegea kikawa kama wavu. Yule mama wa uzi wa Top Market aliviweka viwili juu ya kaunta, changu na cha shosho, akaniambia mkono wa mtu ni kama mwandiko. Shosho alikuwa anaacha uzi upite. Mimi ninauvuta, kwa sababu nilijifunza nikifuma vya kuuza, na cha kuuza kinatakiwa kikaze. Naweza kujifundisha kulegeza, alisema, lakini ichukue muda, na hata hivyo jicho la mfumaji litajua ni wapi mmoja aliachia na mwingine akashika.

Halafu rangi. Pembeni ya kila kipande kuna mstari wa maziwa, na maziwa ya fungu lile yameisha. Kati ya madonge 63, hakuna hata moja la fungu hilo. Mtu aliyenunua uzi wa kutosha watu watatu aliishiwa na ule mmoja uliohitajika.

Mathe anataka niunganishe 84 vilivyopo viwe blanketi la mtoto wa dada yangu, atakayezaliwa Agosti. Ni wazo zuri na 12 mara 7 inatoka bila kubakisha. Nimemwambia nitafikiria. Wiki iliyopita nilirudi Top Market nikanunua madonge mawili ya maziwa yanayokaribiana, na muuzaji akaniapia kwamba yakishafuliwa mara moja hutaona tofauti. Bado sijayafua. Nimeyatia kwenye mfuko wa pili, juu kabisa, karatasi zake zikiwa palepale.